Chris Mullin, mwandishi aliyeingia bungeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Chris Mullin ni nani? Nikitafuta jina hili naletewa mcheza kikapu.

Ni majina yamegongana tu. Yule wa kikapu ni Mmarekani aliyechezea Golden State Warriors. Huyu wetu ni Mwingereza aliyezaliwa Chelmsford, Essex, mwaka 1947. Ukiongeza neno "Sunderland" kwenye utafutaji, wa kikapu atakupisha.

Kwa ufupi: alisoma sheria Chuo Kikuu cha Hull, akaingia uandishi wa habari, akaandika riwaya 4, akawa mbunge wa chama cha Labour wa jimbo la Sunderland South kuanzia 1987 hadi 2010. Humo ndani aliongoza Kamati ya Bunge ya Mambo ya Ndani kwa vipindi viwili na kushika vyeo vitatu vya chini vya uwaziri, cha mwisho kikiwa kile kilichosimamia Afrika. Alipotoka, wengi walimjua zaidi kwa shajara zake kuliko kwa chochote alichokifanya akiwa serikalini, na kwa maoni yetu hawakumwonea.

Alianzia wapi kazi ya uandishi?

Alianza kama mwanagenzi katika mpango wa mafunzo wa kampuni ya Daily Mirror, kisha akasafiri Asia, China na Vietnam zikiwemo. Mke wake ni Mvietnam. Kati ya 1974 na 1978 alifanya kazi BBC World Service, katika jengo la Bush House, London, jengo lile lile ambalo wasikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili walilisikia likitajwa miaka nenda miaka rudi. Baadaye akawa mwandishi wa kujitegemea, na kuanzia 1982 hadi 1984 akahariri Tribune, gazeti la kila wiki la mrengo wa kushoto wa Labour.

Pale Tribune palikuwa na vita. Mullin alilisogeza gazeti kumuunga mkono Tony Benn, kinara wa mrengo huo wa kushoto, na baadhi ya wenye hisa wa zamani wakajaribu kulirudisha mikononi mwao. Kabla ya hapo alikuwa amehariri vitabu viwili vya Benn, *Arguments for Socialism* (1979) na *Arguments for Democracy* (1981), kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakujua msimamo wa mhariri huyo.

Ni kweli alishindwa uchaguzi mara mbili kabla ya kushinda?

Kweli. Mwaka 1970, akiwa na miaka 22, aligombea North Devon dhidi ya Jeremy Thorpe, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi wa chama cha Liberal. Februari 1974 akagombea Kingston upon Thames dhidi ya Norman Lamont wa Wahafidhina, aliyekuja kuwa waziri wa fedha.

Wasomaji wengi huuliza kama huko ni kufeli. Sivyo. Vyama vya Uingereza huwapeleka vijana kwenye majimbo yasiyoshindika ili wajifunze kubisha hodi milangoni, kugawa vipeperushi na kujibu wanahabari wa mtaa. Ukifanya vizuri pale, wajumbe wa jimbo la maana watakukumbuka. Hasara ilikuwa ya mfuko: dhamana ya mgombea enzi hizo ilikuwa pauni 150, na ilipotea kama hukufikisha asilimia 12.5 ya kura. Tangu 1985 dhamana ni pauni 500, lakini kiwango cha kuirudishiwa kimeshuka hadi asilimia 5.

Basi alilipataje jimbo la Sunderland South?

Hapa ndipo watu wa nje hupotea njia, kwa hiyo tuende polepole.

Sunderland ni mji wa bandari kaskazini-mashariki ya Uingereza, mji wa meli na makaa ya mawe, na Labour ilikuwa imejichimbia pale. Katika jimbo kama hilo uchaguzi mkuu ni wa kukamilisha ratiba. Uchaguzi wenyewe ni kura za maoni ndani ya chama. Mbunge aliyekuwepo, Gordon Bagier, alikuwa amekaa tangu 1964. Mullin alipitishwa na wanachama wa jimbo mwaka 1985, miaka miwili kabla ya uchaguzi wa 1987, akiwa si mwenyeji wa mji ule.

Njia ya enzi zile ilikuwa hivi: matawi ya chama na vyama vya wafanyakazi vinapendekeza majina, kamati ya jimbo inachuja na kubakiza orodha fupi, waliobaki wanahutubia kikao na kujibu maswali, wajumbe wanapiga kura kwa awamu, wa mwisho akitolewa kila awamu hadi mmoja apite nusu. Aliyefika kikaoni bila kuwa amezungumza na wajumbe mmoja mmoja majumbani mwao alikuwa ameshashindwa kabla ya kufungua kinywa.

Mullin aliijua njia hiyo kuliko wengi kwa sababu alishaiandikia kijitabu. Mwaka 1981, yeye na Charlotte Atkins walitoa mwongozo wa namna ya kumteua mbunge au kumpitisha upya. Alikuwa miongoni mwa waliopigania kanuni ya kila mbunge wa Labour kurudi kwa wanachama wake kuomba ridhaa kabla ya kila uchaguzi. Wabunge wa zamani hawakumsamehe haraka.

Jimbo lilikuwa na sifa nyingine: lilikuwa la kwanza nchini kutangaza matokeo katika chaguzi za 1992, 1997, 2001 na 2005. Vituo vinafungwa saa 4 usiku, na mwaka 1997, 2001 na 2005 haikufika hata saa 5 Mullin akawa ameshatangazwa. Halmashauri ilipanga vijana wa kupokezana masanduku kwa mbio na wahesabuji waliozoea kuhesabu noti benki. Kwa usiku mmoja kila baada ya miaka minne au mitano, uso wake ulikuwa wa kwanza kwenye kila televisheni ya Uingereza.

Riwaya ya *A Very British Coup* inahusu nini?

Ilitoka 1982. Harry Perkins, mfua chuma wa zamani kutoka Sheffield, anaiongoza Labour kushinda kwa kishindo na kuwa waziri mkuu. Ana mpango wa kuondoa kambi za kijeshi za Marekani na silaha za nyuklia, na kuwabana wenye magazeti. Hakuna kifaru kinachotoka barabarani. Wanaompindua ni watumishi wa umma, wakuu wa ujasusi, wamiliki wa magazeti, mabenki na ubalozi wa Marekani, kila mmoja akivuta uzi wake kidogo kidogo.

Wazo lilizaliwa ndani ya treni, yeye na wenzake wakirudi kutoka mkutano mkuu wa Labour wa 1980 uliofanyika Blackpool. Mazungumzo yalikuwa: je, mtu kama Benn akiingia Ikulu ya Downing Street, wenye nchi watamwachia atawale?

Kwa nini watu wanabishana kuhusu mwisho wake?

Kwa sababu wengine wamesoma kitabu na wengine wametazama televisheni, na miisho ni tofauti.

Katika kitabu, wakubwa wa usalama wanachimbua uhusiano wa zamani wa Perkins na mwanamke mmoja, wanamtishia, naye anajiuzulu kwa kisingizio cha afya. Anaondoka kimya kimya, na ukimya huo ndio unaouma. Katika tamthilia ya Channel 4 ya 1988, iliyoandikwa na Alan Plater na kuigizwa na Ray McAnally, Perkins anakataa kutishwa: anaingia hewani, anaanika njama yote mbele ya wananchi na kuitisha uchaguzi. Inaishia kwenye giza la mashaka, sauti zikikufanya udhani jeshi limeamka. Tamthilia hiyo ilishinda tuzo za televisheni za BAFTA na Emmy. Mwaka 2012 Channel 4 ilirudi kwenye chemchemi hiyo hiyo kwa *Secret State*, Gabriel Byrne akiigiza, lakini ile imekwenda mbali sana na kitabu. Usiitumie kujibia mtihani.

Sisi tunauona mwisho wa kitabu kuwa bora. Wa televisheni unamfurahisha mtazamaji, ila wa kitabu unafanana zaidi na namna wakubwa wanavyoondolewa kweli.

Wanasema alitabiri mambo. Ni kweli au ni kukuza?

Kuna kiasi. Alipoandika, wahakiki wa kihafidhina walicheka kwamba ni ndoto za mchana. Mwaka 1985 ikafichuka kuwa idara ya ujasusi wa ndani, MI5, ilikuwa ikichuja waajiriwa wa BBC, kazi hiyo ikiratibiwa kutoka chumba namba 105 ndani ya jengo la BBC lenyewe. Mwaka huo huo ofisa wa zamani wa MI5 akasema hadharani kwamba idara ilikuwa na mtu wake ndani ya harakati za kupinga nyuklia. Yote mawili yanafanana na mambo yaliyomo kwenye riwaya. Mwaka 2015, Jeremy Corbyn, mtu wa mrengo wa kushoto kama Perkins, alipochukua uongozi wa Labour, kitabu kilianza kuuzika upya kana kwamba kimetoka juzi.

Kesi ya Birmingham ni ipi, na yeye aliingiaje?

Ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na haikuhitaji cheo.

Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka kwenye baa mbili mjini Birmingham. Watu 21 walikufa na zaidi ya 180 wakajeruhiwa. Waairishi watano walikamatwa usiku ule ule bandarini Heysham wakielekea Belfast, na wa sita, aliyekuwa amewasindikiza kituo cha treni, akakamatwa Birmingham. Agosti 1975 wote sita walihukumiwa vifungo vya maisha. Ushahidi ulisimama juu ya miguu miwili.

Mguu wa kwanza ulikuwa kemia. Mtaalamu wa serikali aliwapangusa mikono na kutumia kipimo cha Griess, ambacho hubadilika rangi kikikutana na nitriti. Wawili walionyesha dalili, naye akaiambia mahakama ana uhakika wa asilimia 99 kwamba walishika vilipuzi. Tatizo ni kwamba kipimo kile hakiwezi kutofautisha nitrogliserini ya bomu na nitroselulosi, ambayo imo kwenye vanishi, rangi za kung'arisha na mipako ya vitu vya kawaida. Na wale watu walikuwa wamecheza karata ndani ya treni njia nzima. Karata hupakwa mng'aro huo huo. Kipindi cha *World in Action* cha televisheni ya Granada, ambacho Mullin alifanya nacho kazi, kiliwapa watu karata kuukuu wazichanganye, kikawapima mikono kwa njia ile ile, na dalili zikatokea.

Mguu wa pili ulikuwa kukiri. Wanne walikuwa wametia saini maelezo ya kukiri, baada ya kupigwa. Maelezo hayo yalipingana yenyewe kwa yenyewe, mpaka juu ya nani aliweka bomu wapi. Mullin aliyapanga sambamba kwenye kitabu chake, *Error of Judgement* (1986), na kumwachia msomaji aone. Pia alisafiri mara nyingi Ireland kuwatafuta waliotega mabomu kweli, na akazungumza nao kwa ahadi ya kutowataja.

Kitabu kikawatoa gerezani?

Si mara moja. Rufaa ilisikilizwa tena mwishoni mwa 1987, na Januari 1988 majaji wakaitupa. Mullin alikuwa mbunge mpya, na gazeti la The Sun likamwandika kama mbunge mwehu anayetetea genge la walipuaji.

Kilichovunja kesi ni karatasi. Polisi wa mkoa mwingine waliopewa kazi ya kuchunguza walitumia kifaa kinachosoma mikandamizo ya kalamu: ukiandika kwenye karatasi iliyo juu ya rundo, shinikizo huacha alama zisizoonekana kwa macho kwenye karatasi za chini. Kifaa kilionyesha kwamba kumbukumbu za mahojiano zilizodaiwa kuandikwa papo kwa papo hazikuandikwa kwa mpangilio uliodaiwa. Tarehe 14 Machi 1991 wote sita waliachiwa, baada ya miaka 16 gerezani. Siku hiyo hiyo serikali ilitangaza tume ya kuchunguza mfumo wa haki jinai, na kutokana na mapendekezo yake kikaundwa chombo huru cha kupitia upya hukumu zenye mashaka, kilichoanza kazi 1997.

Mwaka 1990 Granada ilitengeneza filamu ya kesi hii, na aliyemwigiza Mullin ni John Hurt.

Kwa nini polisi walimpeleka mahakamani miaka mingi baadaye?

Polisi wa West Midlands, wakiwa wamefungua upya uchunguzi, waliomba amri chini ya sheria ya ugaidi ya 2000 ili akabidhi daftari za mahojiano yake na mtu aliyedai kutega mabomu. Mullin alikataa: aliahidi kumficha, na ahadi ya mwandishi kwa chanzo chake haina tarehe ya mwisho. Tarehe 22 Machi 2022 jaji wa Old Bailey, mahakama kuu ya jinai ya London, alikataa ombi la polisi.

Hapa pana uchungu usiofutika. Baadhi ya familia za wale 21 wanaona anamkinga muuaji wa watoto wao, na wamemwambia hivyo hadharani. Upande wake anasema bila ahadi ile wasio na hatia wangefia gerezani. Msomaji anayetaka jibu jepesi atafute swali jingine.

Kamati ya Mambo ya Ndani aliyoiongoza ilikuwa na nguvu gani?

Aliiongoza 1997 hadi 1999, kisha 2001 hadi 2003. Kamati inaweza kuita mashahidi, kudai nyaraka na kutoa ripoti ambayo serikali inapaswa kuijibu. Haiwezi kulazimisha serikali ifanye lolote. Mfano ni ripoti yake ya 2002 kuhusu dawa za kulevya: ilipendekeza bangi ishushwe kutoka daraja B hadi C. Serikali iliishusha Januari 2004, ikairudisha B Januari 2009. Miongoni mwa wajumbe waliokaa kwenye kamati hiyo ni mbunge kijana wa Wahafidhina, David Cameron. Pendekezo la kuishusha ekstasi kutoka A hadi B halikwenda popote.

Alikuwa "Waziri wa Afrika". Je, alikaa kwenye baraza la mawaziri?

Hapana, na kosa hili linarudiwa sana kwenye tafsiri. Serikali ya Uingereza ina watu wengi wanaoitwa mawaziri, lakini wanaokaa barazani ni ishirini na kitu. Mullin alikuwa kwenye ngazi ya tatu, ya chini kabisa. Kwa mizani ya Dodoma ni kama naibu waziri, pengine chini kidogo.

Alipitia wizara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mazingira, uchukuzi na mikoa, chini ya John Prescott, 1999 hadi mwanzoni mwa 2001. Huko mojawapo ya mafaili yake ilikuwa ugomvi wa majirani juu ya ua wa miti ya leylandii, mti unaokimbia kwenda juu na kumfungia jirani jua. Sheria ilikuja kupatikana 2003, yeye ameshaondoka: ua wa miti ya kijani kibichi, kuanzia miwili kwa safu, ukizidi mita 2, jirani anaweza kulalamika halmashauri. Shajara yake ya kipindi hicho inachekesha kwa sababu alijua fika kwamba faili kubwa zilikuwa zinapita ghorofa ya juu. Alikataa pia gari la serikali, akaendelea kupanda basi namba 159, jambo lililowasumbua maofisa kuliko sera yoyote aliyoigusa.

Ya pili ilikuwa wizara ya maendeleo ya kimataifa chini ya Clare Short, miezi michache ya 2001. Ya tatu ni Mambo ya Nje, kuanzia Juni 2003. Hilo la mwisho lilishangaza, maana Machi mwaka huo huo alipiga kura kupinga vita vya Iraq.

Alifanya nini kuhusu Afrika Mashariki na Kati?

Faili zilizokuwa mezani zilikuwa Darfur, Zimbabwe, Kongo, kaskazini mwa Uganda. Kwa Kenya, kipindi chake ndicho ambacho balozi wa Uingereza Nairobi, Edward Clay, alitoa ile hotuba ya Julai 2004 kuhusu ufisadi wa wakubwa wanaokula mpaka kutapikia viatu vya wafadhili. Kipindi hicho pia waziri mkuu Tony Blair aliunda Tume ya Afrika, iliyokuwa na Benjamin Mkapa na Anna Tibaijuka miongoni mwa wajumbe wake. Ripoti ilitoka Machi 2005.

Lililo karibu zaidi na riwaya zake lilitokea Guinea ya Ikweta. Machi 2004 mamluki walikamatwa Harare wakiwa njiani kwenda kupindua serikali ya nchi hiyo, na Novemba waziri wa mambo ya nje Jack Straw akakiri bungeni kuwa wizara ilikuwa imepata taarifa za njama hiyo tangu mwisho wa Januari. Mwandishi aliyejijengea jina kwa kitabu cha mapinduzi akajikuta ndani ya wizara inayoulizwa ilijua nini kuhusu mapinduzi.

Alihusika na sakata la rada ya Tanzania?

Swali hili huulizwa kwa sababu alipita wizara ya Clare Short, aliyepinga vikali Tanzania kuuziwa rada ya pauni milioni 28 na BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza. Lakini kibali cha kuisafirisha kilitolewa Desemba 2001, na Mullin alikuwa ameacha uwaziri tangu Juni. Mwaka 2010 BAE ilikiri mahakamani kosa la utunzaji wa hesabu, na pauni milioni 29.5 zikaelekezwa kwa Watanzania, kwenye elimu. Jina la Mullin halina nafasi kwenye sakata hilo.

Kwa nini aliondolewa 2005?

Baada ya uchaguzi wa Mei 2005, Blair alipanga upya serikali na Mullin akaachwa. Nafasi ikaenda kwa David Triesman wa Baraza la Malordi. Miezi miwili baadaye wakuu wa G8 walikutana Gleneagles, Afrika ikiwa ajenda kuu. Tangu 1997 yeye alikuwa mtu wa 5 kushika dawati la Afrika. Balozi wa nchi ya Kiafrika London akishazoea sura, sura inabadilika. Hiyo ndiyo kasoro ya mpango mzima, wala haikuanza naye.

Shajara zake ziliruhusiwaje kutoka mapema hivyo?

Mwongozo uliotokana na kamati ya Radcliffe ya 1976 unamtaka waziri wa zamani awasilishe mswada wa kitabu chake kwa katibu wa baraza la mawaziri, na kusubiri miaka 15 kabla ya kufichua siri za wenzake na ushauri wa watumishi. Kifungo chake ni cha adabu zaidi kuliko cha sheria, na mawaziri wengi wameivunja miaka hiyo 15. Mullin alitoka serikalini 2005, na *A View from the Foothills* ikatoka 2009. Mhariri wake, Ruth Winstone, ndiye aliyehariri pia shajara za Tony Benn.

Mwaka huo wa 2009 ulikuwa wa kashfa ya posho za wabunge. Wakati wenzake wanaumbuka kwa samani na ukarabati, kwake kilichopatikana ni leseni ya televisheni isiyo ya rangi. Kitabu hakikuhitaji tangazo jingine.

Nianze na kitabu kipi?

Ukipenda hadithi, *A Very British Coup*. Mwendelezo wake, *The Friends of Harry Perkins* (2019), ni mwembamba na unachezea kalenda: unahamishia mambo ya miaka ya 1980 kwenye Uingereza iliyotoka Umoja wa Ulaya. Riwaya nyingine mbili, *The Last Man Out of Saigon* (1986) na *The Year of the Fire Monkey* (1991), ni za ujasusi Vietnam na Tibet. Ni nzuri, lakini si za lazima.

Ukipenda siasa, usifuate mpangilio wa kutoka. Kwa mfuatano wa matukio anza *A Walk-On Part* (1994–1999), halafu *A View from the Foothills* (1999–2005), halafu *Decline & Fall* (2005–2010). Ya nne ilitoka 2023. Asiye na muda asome ya 1999–2005 peke yake. Kwa maisha yake yote kuna *Hinterland* (2016).

Waingereza wengine wa aina yake ni nani?

Benjamin Disraeli ndiye babu yao: riwaya kibao, na uwaziri mkuu mara mbili. John Buchan aliandika *The Thirty-Nine Steps* (1915), akawa mbunge, akamalizia kama gavana mkuu wa Kanada. Winston Churchill, mwandishi wa vita, aliandika riwaya moja tu, *Savrola*. Mwaka 1907 alipita Mombasa, Nairobi na Uganda na kuandikia kitabu safari hiyo. Boris Johnson naye alikuwa mwanahabari na ana riwaya ya 2004, *Seventy-Two Virgins*. Tofauti ya Mullin ni kwamba wote hao walipanda juu sana.

Mkenya au Mtanzania anayeishi Uingereza anaweza kugombea ubunge kule?

Anaweza, bila hata kuchukua uraia. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kudumu cha kuishi anaruhusiwa. Hilo linawahusu Wakenya, Watanzania, Waganda na Wanyarwanda. Wakongomani na Warundi hawamo, maana nchi zao si wanachama. Unatakiwa uwe na miaka 18, saini za wapiga kura 10 wa jimbo, na pauni 500. Fomu nyingi hukwama kwenye saini: jina lisilolingana na daftari la wapiga kura linakataliwa, na muda wa kurekebisha ni mfupi. Chukua fomu ya pili yenye saini za akiba.

Uandishi hauzuiwi. Mbunge anaweza kuendelea kuandika na kulipwa, mradi kipato kiingizwe kwenye rejista ya maslahi ya wabunge.

Yuko wapi sasa?

Hakugombea 2010, mwaka ambao Sunderland South yenyewe ilifutwa kwa mabadiliko ya mipaka. Alihamia Northumberland, akaendelea kuandika. Mwaka 2011 alikuwa mmoja wa majaji watano wa Booker, tuzo ya riwaya. Mwenyekiti wa jopo alikuwa Stella Rimington, mkurugenzi mkuu wa zamani wa MI5, idara ile ile ambayo riwaya ya kwanza ya Mullin iliituhumu kumpindua waziri mkuu.